Kushiriki Shindano la Maswali ya Chakula Kwenye Televisheni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenzetu wa Unguja na Pemba

Nilishiriki shindano la maswali ya chakula lililorekodiwa Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Wete nikiwa nimeshika nafasi ya pili, na tangu siku kipindi kile kiliporushwa hewani sijapata kwenda sokoni bila ya kusimamishwa na mtu mwenye swali. Wanaouliza ni vijana wa skuli, wauza urojo, walimu, na hata wazee ambao hawajawahi kuniuliza jambo lolote kabla ya hapo. Maswali ni yale yale, na nimeona ni haki yao kupata majibu yaliyoandikwa kwa utulivu. Ninayoyasema kuhusu taratibu yanatokana na shindano nililoshiriki mwenyewe na mengine mawili ambayo nimewasaidia jamaa kujiandaa nayo. Waandaaji hutofautiana, kwa hivyo kila mshiriki ayasome masharti ya shindano lake.

Shindano la maswali ya chakula lina tofauti gani na shindano la mapishi?

Katika shindano la mapishi unahukumiwa kwa kilichomo chunguni. Katika shindano la maswali hapana jiko wala chungu: unakaa nyuma ya meza yenye kitufe, unasomewa swali, na unahukumiwa kwa neno litakalotoka kinywani mwako ndani ya muda uliowekwa. Maswali huwa ni ya asili ya vyakula, majina ya viungo, namna kitu kinavyopikwa, vyombo vya jikoni, na mara nyingi huwapo duru moja ya kuonja au kunusa huku macho yamefungwa. Si jambo la kwetu tu; nchini Uingereza, kituo cha BBC Two kilirusha shindano la aina hii mwaka 2012, likiongozwa na mtangazaji Kirsty Wark.

Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote. Watu wetu wengi wanavijua vyakula kwa mikono. Mama anayekuna nazi kila siku anajua kwa kugusa tu kama tui limekwisha toka na chicha imebaki kavu, lakini hajawahi kuulizwa kwa maneno kwa nini tui la pili halitiwi mwisho wa mapishi. Anapoulizwa mbele ya taa na kamera, elimu aliyonayo haimpandi mdomoni. Kwa hivyo kazi kubwa ya kujiandaa ni kuyatamka yale ambayo tayari unayajua, na kujifunza mapya ni kazi ya pili.

Je, ni lazima niwe mpishi au niwe nimesomea mambo ya hoteli?

Si lazima. Katika kundi letu alikuwamo fundi baiskeli, na alitushinda karibu sote katika maswali ya samaki.

Maombi hupelekwaje, na usaili ukoje?

Kwa kawaida kituo hutangaza, kisha mwombaji hujaza fomu na kuambatanisha picha, na wengine hutaka video fupi iliyorekodiwa kwa simu. Video hiyo usiisome kwenye karatasi. Simama penye mwanga, uso ukielekea dirishani, sema jina lako na unapotoka, kisha eleza chakula kimoja unachokijua vizuri kwa muda usiozidi dakika mbili. Dada mmoja niliyemsaidia alieleza mkate wa kumimina tangu kuroweka mchele hadi kuutoa mkate kwenye sufuria, na alipopigiwa simu aliambiwa kwamba waliomchagua walikuwa bado wanausema ule mkate.

Usaili wenyewe huwa na maswali ya haraka, pengine 20 au 30, na mazungumzo mafupi. Waandaaji wanapima ujuzi, lakini wanapima pia kama utaweza kuzungumza ukiwa umekosea. Mtu anayejibu vibaya kisha akanyamaza na kuinamisha kichwa huachwa, hata kama alama zake ni nzuri, kwa sababu mtazamaji naye hunyong'onyea pamoja naye.

Maswali yanatoka katika mambo gani?

Fungu linalowaangusha zaidi watu wa visiwani ni lile la asili ya vyakula, kwa kuwa tumezoea kuviona shambani na kuvihesabu kuwa ni vyetu tangu na tangu. Muhogo, ambao hapana futari isiyoujua, asili yake ni Amerika ya Kusini na uliletwa Afrika na Wareno. Mahindi, pilipili na nanasi navyo vimetoka katika bara la Amerika, na ndizi imetoka Asia ya Kusini-Mashariki. Karafuu, iliyoipa Zanzibar jina duniani, ni mti wa visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Wafaransa waliupeleka Mauritius katika miaka ya 1770, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na ukapandwa kwa wingi wakati wa Seyyid Said. Ukiulizwa kwa nini karafuu nyingi hutoka Pemba, jibu linaanzia kwenye tufani ya mwaka 1872, iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, kwa sehemu kubwa, ikiwa imesimama. Jifunze pia kwamba karafuu ni tumba la ua ambalo bado halijachanua, na kwamba kikonyo hakitupwi: Pemba makonyo hukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichopo Wawi, Chake Chake.

Fungu la pili ni la jamaa za mimea, na hili ni zuri kwa sababu ukishajua jamaa moja unajibu maswali matano. Tangawizi, manjano na iliki ni jamaa moja. Tungule, mbatata, bilingani na pilipili ni jamaa moja, na tumbaku nayo imo humo. Embe na korosho ni ndugu, na vivyo hivyo fenesi na shelisheli. Lakini pilipili na pilipili manga hazina udugu wowote ijapokuwa zimechangia jina. Pilipili manga ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, na kwao ni kusini mwa India.

Kisha yapo maswali ya historia, ambayo hupendwa sana na wanaotunga kwa sababu yana hadithi ndani yake. Kungumanga ilikuwa ikipatikana katika visiwa vya Banda peke yake, na kwa ajili yake Waholanzi, katika mkataba wa Breda wa mwaka 1667, walikubali Waingereza wabaki na kisiwa cha Manhattan huku wao wakibaki na kisiwa kidogo cha Run. Vanila kwao ni Meksiko, na ilipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilitoa maua bila ya kuzaa, mpaka mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, alipogundua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mkulima anayechavusha vanila leo katika mashamba ya viungo ya Unguja anafanya kile kile alichokifanya mtoto yule. Hilo silisemi kwa sababu ya mtihani tu. Ningependa kila anayeitembeza vanila kwa wageni alijue jina lake.

Usiyasahau ya baharini. Pweza ana mioyo mitatu. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na kinachotolewa ndani yake hutumika kuvifanya vyakula vya viwandani viwe vizito, ikiwemo aiskrimu.

Nikijibu kwa maneno ya kwetu, kama tungule au thomu, nitahesabiwa kuwa nimepata?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu. Mwendesha kipindi na watunzi wa maswali mara nyingi ni watu wa Bara, na kadi aliyoishika imeandikwa nyanya, kitunguu saumu na viazi mviringo. Wewe una tungule, thomu na mbatata. Jaji mwenye uzoefu atakubali yote mawili. Jaji asiye na uzoefu atasita, na kusita kwake kunaweza kukutoa katika mchezo.

Hatari kubwa zaidi iko katika maneno yanayofanana lakini yanataja vitu mbalimbali. Ukisema binzari, watu wengi wa Bara wataona manjano. Sisi tukisema bizari tunaweza kukusudia ile ya mchuzi iliyochanganywa, au bizari nyembamba, ambayo ndiyo uzile. Swali likisema "Taja kiungo cha pilau chenye mbegu nyembamba za rangi ya kahawia," ukajibu bizari bila ya kuongeza neno, hapana ajuaye umekusudia ipi. Jibu uzile, kisha ufafanue papo hapo: "uzile, yaani binzari nyembamba." Ufafanuzi wa namna hii si jibu la pili, kwa kuwa ni kitu kile kile kilichotajwa mara mbili, lakini ni lazima uwaulize waandaaji kabla ya kurekodi kama wanaukubali. Mimi niliuliza asubuhi ile mbele ya washiriki wote, na wakakubali mbele ya wote.

Sitamshauri mtu yeyote aache maneno ya kwao. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hivyo mtu wa Unguja anayesema tungule hakuazima neno kwa mtu. Na yako maneno ambayo ukiyaacha huna badala yake. Nazi peke yake ina majina kwa kila umri: kidaka ikiwa changa kabisa, kitale kabla haijafanya nyama, dafu inapofaa kunywewa, koroma inapokuwa imepita dafu lakini bado haijawa nazi, halafu nazi yenyewe. Mshiriki aliyeyapanga majina hayo matano kwa utaratibu, bila ya kubabaika, aliwafanya watu wa studio wapige makofi kabla ya alama kutolewa. Alikuwa msichana wa Micheweni mwenye umri wa miaka 19.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: jifunze jina la kitu kwa Kiunguja au Kipemba, jifunze na lile la Bara, na uyaseme yote mawili kwa sauti unapofanya mazoezi, mpaka yatoke pamoja bila ya kufikiri.

Duru ya kuonja ikoje, na nijiandae vipi?

Nilifungwa kitambaa cheusi, mikono ikawekwa juu ya meza, na msaidizi akawa ananisogezea kijiko mdomoni. Kijiko cha kwanza kilikuwa na karafuu iliyosagwa. Nilijibu kabla hata sijameza, maana nimelala juu ya magunia ya karafuu tangu utotoni. Kijiko cha pili sikukitambua. Kilikuwa mdalasini, kitu ambacho nakitia katika chai kila asubuhi, na ulimini mwangu kilikuwa kama unga wa mbao.

Sababu yake niliijua baadaye. Ndani ya karafuu mna kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutia ganzi, na ndiyo maana wazee wakiumwa na jino huuma karafuu na madaktari wa meno nao hutumia mafuta yake. Anayeonjeshwa karafuu mwanzo ulimi wake haufai kitu kwa dakika kadhaa. Dawa yake ni kuomba maji na kipande cha boflo kisichotiwa chochote, na kukaa kimya mpaka ganzi iondoke. Una haki ya kuomba, na muda huo hukatwa katika kipindi, mtazamaji haoni. Mimi sikuomba kwa sababu niliona haya, na alama tatu zikaondoka.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Ulimi wenyewe hutambua utamu, uchumvi, uchachu, uchungu, na ladha ya tano ambayo mwanasayansi wa Kijapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908, ile unayoipata katika mchuzi wa dagaa wakavu uliokolea tungule. Karibu yaliyobaki yote ni kazi ya pua. Kwa hivyo nusa kwanza kabla ya kufungua mdomo. Kisha ukishameza, funga mdomo na utoe pumzi puani taratibu, kwa kuwa harufu hupanda tena kutokea nyuma ya koo, na mara nyingi jina la kitu huja wakati huo. Ukiwa na mafua, waambie waandaaji mapema. Na ukichomwa na pilipili usikimbilie maji, kwani ukali wake hauyeyuki majini. Omba maziwa au mtindi.

Mazoezi hayahitaji fedha nyingi. Nunua viungo vizima sokoni Darajani, au kwa muuzaji unayemwamini Chake Chake au Wete, kidogo kidogo: iliki, mdalasini, kungumanga, basibasi, uzile, giligilani, pilipili manga. Usinunue vile vipakiti vilivyopangwa kwa ajili ya wageni, kwa sababu vingi vimekaa juani na harufu imekwisha toka. Kila usiku baada ya Isha mwambie mdogo wako akufunge macho na akupe kimoja kimoja. Anza kwa kukifikicha baina ya vidole. Ganda la iliki likipasuka hutoa harufu kali inayopanda mpaka machoni, ilhali giligilani hunuka kwa upole, kama ganda la chungwa lililokauka. Kungumanga na basibasi ndizo zitakazokuchukua muda, kwa sababu ni tunda moja: kungumanga ni kokwa iliyomo ndani, na basibasi ni ule utando mwekundu ulioizunguka kama wavu. Harufu zao ni za mama na mtoto. Basibasi ni laini zaidi na ina uchangamfu kidogo. Kungumanga ni nzito. Mimi ilinichukua siku kumi kuzitenganisha.

Nibonyeze kitufe kabla au baada ya swali kumalizika?

Inategemea masharti, lakini mashindano mengi huruhusu kubonyeza kabla. Ukibonyeza, msomaji hunyamaza hapo hapo, na ukikosea mwenzako husomewa swali lote. Bonyeza mapema pale tu ambapo swali limekwisha kujifunga na haliwezi tena kugeuka. "Kiungo hiki ni tumba la ua" halijajifunga eti kwa sababu tu wewe unaijua karafuu. Linaweza kuendelea "na huwekwa katika siki," na hapo jibu ni kepari, tumba la ua linaloliwa sana katika nchi za Bahari ya Kati.

Je, ni kweli kwamba baadhi ya washiriki hupewa majibu mapema?

Sikuona jambo hilo, na vituo vina sababu kubwa ya kulikwepa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1950, iligundulika kwamba mashindano makubwa ya maswali ya televisheni yalikuwa yamepangwa; mshiriki mashuhuri, Charles Van Doren, alikiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959 kwamba alikuwa akipewa majibu, na mwaka uliofuata sheria ikafanya udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa. Uingereza nako, mwaka 2001, meja wa jeshi aitwaye Charles Ingram alijibu maswali mpaka akafikia zawadi ya pauni milioni moja, kisha mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwa alikuwa akisaidiwa kwa kikohozi cha mtu aliyekaa ukumbini.

Kwa ajili ya mambo hayo, ukifika studio utatakiwa ukabidhi simu, hutaruhusiwa kukaa na watunzi wa maswali, na ndugu uliofuatana nao watakaa mahali ambapo hawakuoni usoni. Usiyachukie masharti hayo. Ukishinda, hayo ndiyo yatakayokulinda na maneno ya watu.

Nifanye nini iwapo jibu langu sahihi litakataliwa?

Inua mkono na useme kwa adabu, kabla swali linalofuata halijasomwa. Likishasomwa, waandaaji wengi huhesabu kwamba umeridhika.

Hili linaniuma mpaka leo. Niliulizwa tui la kwanza la nazi, lisilotiwa maji, linaitwaje. Nikajibu kasimile. Mwendesha kipindi akaitazama kadi yake, akasema jibu ni tui zito, na alama ikaenda kwa mwenzangu. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyelitaja jina lenyewe na kadi imetaja sifa tu, lakini nilimstahi mtu yule kwa kuwa alikuwa amenizidi umri, nikanyamaza. Baada ya kurekodi nilimweleza mmoja wa waandaaji, akafungua kamusi, akalikuta neno, akaniomba radhi kwa dhati. Lakini matokeo yalikuwa yamekwisha kutiwa saini. Heshima kwa mkubwa haikuzuii kusema. Sema hivi: "Samahani bwana, naomba jibu langu litazamwe tena." Halafu ungoje. Maneno hayo wafundishe vijana wako wayazoee kabla hawajapanda boti.

Nikiitwa kurekodi katika mwezi wa Ramadhani? Na nikionjeshwa kitu ambacho si halali?

Ukipangiwa siku ya Ramadhani katika shindano lenye duru ya kuonja, andika mara moja uombe ubadilishiwe tarehe, au duru hiyo irekodiwe baada ya kufuturu. Ombi hili ni la kawaida na sijaona likikataliwa pale lilipopelekwa mapema; likipelekwa siku yenyewe, unawatia wenzako katika dhiki.

Kuhusu halali, fomu nyingi zina mahali pa kutaja vyakula usivyokula kwa sababu ya dini au afya. Pajaze kwa maneno kamili: nyama isiyochinjwa kwa sharia, nguruwe, na pombe, ikiwemo pombe inayotiwa ndani ya keki na michuzi. Wengi hulisahau hilo la mwisho. Kama una mzio wa njugu au wa chaza na kamba, uandike pia.

Nivae nini?

Buibui na mtandio havina tatizo lolote. Kinachosumbua ni maikrofoni ndogo inayobanwa kifuani: kitambaa chepesi kikiisugua hutoa mkwaruzo unaofunika sauti, na bangili zinazogonga meza nazo husikika kuliko jibu lako. Epuka mistari myembamba iliyokaribiana, kwa kuwa hutetemeka mbele ya kamera, na epuka nyeupe tupu. Ukivaa kanga, waambie waandaaji jina lake mapema, maana mtazamaji atalisoma na atataka kujua limekusudiwa nani.

Gharama ni za nani, na nitatia saini mkataba gani?

Uliza kwa maandishi nani analipa nauli ya boti kutoka Mkoani mpaka Unguja na kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam, malazi, na chakula. Waandaaji wa Bara mara nyingi hukisia safari ya kutoka Pemba kuwa ni ya mkupuo mmoja, na bahari ikichafuka unaweza kulala njiani.

Katika mkataba soma vifungu vitatu: zawadi hulipwa lini baada ya kipindi kurushwa, kituo kina ruhusa ya kuitumia picha yako katika matangazo gani, na muda ambao huruhusiwi kuyatoa matokeo. Hicho cha mwisho ni kigumu kuliko vyote kwa mtu anayetoka mji mdogo. Nilikaa wiki saba bila ya kumwambia hata mama yangu.

Siku ya kurekodi ikoje?

Ni ndefu. Vipindi viwili au vitatu huweza kurekodiwa siku moja, kwa hivyo ukishinda cha kwanza unabadilisha nguo na kurudi kana kwamba ni wiki nyingine. Chukua nguo tatu. Kula kabla ya kutoka, kwani hapana jambo gumu kama kujibu maswali ya biriani ukiwa na njaa. Studio huwa na baridi ya kiyoyozi mpaka taa ziwashwe, halafu huwa na joto. Mwendesha kipindi akikosea kusoma, swali hurudiwa au hubadilishwa. Hilo lisikutoe katika utulivu.

Nimebakiwa na wiki mbili tu. Nianzie wapi?

Anzia jikoni kwenu, na daftari. Siku ya kwanza andika jina la kila kitu unachokiona, pamoja na sehemu zake: mbuzi ya kukunia, kifumbu, mchi na kinu, upawa, kawa, seredani. Siku zinazofuata chukua chakula kimoja kila siku na ujiulize maswali matano: kina nini ndani yake, kila kitu kilitoka nchi gani, kwa nini hatua hii hutangulia ile, kinaitwaje kwingine, na huliwa wakati gani. Urojo peke yake utakupa siku nzima, kwa sababu ndani ya bakuli moja mna kachori na bajia zilizotokana na mapishi ya Kihindi, mbatata na muhogo kutoka Amerika, manjano ya Asia na ukali wa embe mbichi au ndimu. Halua ya hapa Wete nayo itakupa wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, na itakufikisha Omani.

Jioni mpe mtu daftari hilo akuulize bila ya utaratibu. Jibu kwa sauti. Kujibu moyoni hakukusaidii.

Bibi yangu anayajua haya yote kunishinda mimi, lakini hajui kusoma. Anaweza kushiriki?

Anaweza, na natamani washiriki wa namna yake wawe wengi. Maswali husomwa kwa sauti na hujibiwa kwa mdomo. Panapokuwapo duru ya picha, mshiriki huonyeshwa kitu na si maandishi. Andika barua pamoja na fomu ueleze kwamba asomewe masharti yote mbele ya shahidi kabla ya kuweka dole gumba, na uombe wewe ufuatane naye mpaka mlangoni mwa studio. Omba pia muda wa kujibu usipunguzwe na mazungumzo ya heshima: mwendesha kipindi akimwamkia shikamoo, bibi lazima ataitikia marahaba na kumuuliza hali yake na ya watoto wake, na saa isianze kuhesabiwa mpaka amalize.